Anayelala kwenye mkeka

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hata sisi watu wa wodini huyachanganya. Muuguzi ni mwenye sare na leseni. Muuguzaji ni ndugu anayeuguza: mke, binti, dada, shangazi, mara nyingine mjukuu aliyeachishwa shule "kwa muda". Mgonjwa wa malaria akilazwa, kazi iko kwa muuguzi, muuguzaji analeta uji. Mgonjwa ambaye hatapona akirudishwa nyumbani, kibao kinageuka. Muuguzi atafika Jumanne kwa bodaboda, atakaa saa moja, ataondoka. Wiki ina saa 168. Zile 167 zilizobaki ni za yule anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda.

Ndiyo maana mtu akiuliza muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ana kazi gani huku Mtwara na Lindi, jibu langu halianzii kwenye dawa. Kwanza amjue muuguzaji ni nani. Kisha amfundishe mpaka aweze.

Kumjua kwenyewe huku kwetu kuna mizunguko. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli. Utakuta anayemgeuza mgonjwa usiku ni binti wa miaka 20, anayetuma hela ni kaka aliyeko Dar, na anayeamua mgonjwa apelekwe wapi ni mjomba wa Tandahimba ambaye hujamtia machoni. Umfundishe binti vizuri, mjomba aje Ijumaa aseme hiyo dawa ni ya kulevya, chupa inapanda darini. Kwa hiyo siku ya kwanza, ukishaamkia na kuulizia habari za nyumbani, uliza wazi: "Usiku anaamka nani? Dawa anampa nani? Jambo likiwa zito anapigiwa nani?" Andika majina na namba za simu. Mara nyingi ni watu watatu tofauti, na yule wa tatu ndiye wa kumpigia kabla hujaondoka hapo uani.

Baada ya hapo yanakuja maumivu, kwa sababu mwenye maumivu hasikii ushauri wala dua. Usimuulize "unaumwa?" Mzee wetu atajibu "sijambo sista, nashukuru Mungu", ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Mpe mkono wake mwenyewe uwe kipimo. Ngumi ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo, vitatu ni ya kumzuia kulala, vitano ni maumivu ambayo hajawahi kuyaonja maishani. Muulize mara tatu: akiwa ametulia, akigeuzwa, na usiku. Mgonjwa wa saratani iliyoingia kwenye mfupa anaweza kuonyesha kimoja akilala chali na vitano akigeuzwa kuoshwa. Ukiuliza mara moja tu utamwandika kuwa ana nafuu. Kipimo hiki muuguzaji anakishika kwa dakika mbili, na uzuri wake unauona siku anapokupigia simu: "Leo bibi ameonyesha vinne tangu alfajiri." Hapo una kitu cha kumwambia daktari.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa za maumivu mwaka 1986, na mpango wake bado unatufaa. Ya chini ni parasetamoli, gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ya kati ni kodeini au tramadoli. Ya juu ni mofini. Kosa ninaloliona sana ni kuiacha parasetamoli mgonjwa anapopanda kwenye mofini, kana kwamba mkubwa akiingia mdogo anatoka. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, ziende pamoja. Kosa jingine ni kumweka mgonjwa kwenye tramadoli wiki tatu huku anaonyesha vidole vitano, kwa sababu watu wanaogopa jina la dawa inayofuata.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's kule London mwaka 1967, alianza kama muuguzi kabla ya kusomea udaktari. Nadhani ndiyo sababu alishikilia jambo ambalo mtu yeyote wa zamu ya usiku analijua: dawa ya maumivu inakwenda kwa saa, haisubiri kilio. Mofini ya kunywa inafanya kazi kwa saa 4 hivi. Ukingoja mgonjwa alie, utatumia dozi kubwa zaidi kuyazima maumivu yaliyokwisha kuwaka, na kati ya kilio na nafuu kuna nusu saa ya mateso bure. Familia zetu zina huruma ya kinyume: "Amelala vizuri, tumwache, tusimzoeshe dawa." Anaamka saa 9 usiku akiwa anatetemeka.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mofini ya kunywa ni maji machungu ndani ya chupa, na chupa hazilingani nguvu. Ipo yenye miligramu 1 katika kila mililita, na ipo yenye miligramu 10 katika kila mililita. Kwa macho huenda usizitofautishe. Mgonjwa aliyezoea mililita 5 za chupa ya kwanza akipewa mililita 5 za chupa ya pili, amekunywa mara kumi. Kwa hiyo unapobadilisha chupa, soma lebo kwa sauti mbele ya muuguzaji, naye asome. Kama hajui kusoma, mfungie uzi mwekundu kwenye ile kali. Cheti kiandikwe miligramu na mililita zote mbili, na nyumbani mtamke mililita peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonekana kwenye sirinji.

Tuseme daktari ameandika miligramu 5 kila baada ya saa 4 na chupa ni ile ya miligramu 1 kwa mililita. (Mzee dhaifu huanzishwa na 2.5.) Atakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, 5 saa 4 asubuhi, 5 saa 8 mchana, 5 saa 12 jioni, na saa 4 usiku atakunywa 10, dozi mbili kwa pamoja, ili alale mpaka alfajiri na muuguzaji naye apate usingizi. Jumla ni mililita 30 kwa siku, 420 kwa wiki mbili. Chupa ya mililita 500 inabakiza 80, nazo ni dozi 16 za dharura. Dharura ni pale maumivu yanapopasua kabla saa haijafika: mgonjwa hupewa dozi nyingine kama ile ile, na ile ya saa yake haiahirishwi. Kila dozi ya dharura ichorewe mstari kwenye daftari, au ukutani kwa mkaa. Ukikuta mistari mitatu au minne kwa siku, dozi ya kawaida haitoshi. Mpigie daktari aipandishe kwa theluthi moja hadi nusu, yaani 5 inaweza kuwa 7.5.

Kupima ni kwa sirinji isiyo na sindano, ya mililita 5 au 10. Kijiko cha chai tukiache kwenye chai, hakuna nyumba mbili zenye vijiko sawa. Mfundishe kwa maji ya kawaida kwanza: atumbukize ncha, avute taratibu, aiinue sirinji usawa wa macho, akiona povu agonge kwa kidole alirudishe, asome mstari. Afanye mara tatu. Kisha mwambie akufundishe wewe, kana kwamba hujui. Hapo ndipo utagundua kwamba alikuwa anasoma ukingo wa nyuma wa mpira badala ya ule unaogusa dawa. Bandika plasta kwenye mstari wake, mdogo wake akishika zamu asibahatishe. Dawa imiminwe pembeni ya shavu kidogo kidogo, mgonjwa akiwa ameinuliwa, kisha funda la uji au maji kuondoa uchungu. Saa iwekwe alamu kwenye kitochi. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, simu kubwa itazima usiku.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo usiwatishe. Mtu ambaye hajalala mwezi mzima analipa deni. Mgonjwa anayeamshika, akakujibu na kurudi kulala yuko sawa. Asiyeamshika, au anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, huyo hapewi dozi nyingine, piga simu. Kichefuchefu nacho hupita baada ya siku chache, na daktari huandika metoklopramidi kwa muda huo.

Choo kigumu hakipiti. Hiki hakizoeleki hata mgonjwa akitumia mofini mwaka mzima, kwa hiyo dawa ya kulainisha inaanza siku ile ile, si siku ya tano. Bisakodili miligramu 5 usiku, inapanda hadi 10 au zaidi kufuatana na choo. Nyumba nyingi zina dawa yao, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na daktari anayemwandikia mtu mofini ndani ya kadi na kusahau mstari wa pili, wa dawa ya choo. Mgonjwa akikaa siku tatu bila kwenda, tumbo likajaa, halafu akaanza kutoa maji maji kidogo kidogo, familia itasema anaharisha na itanunua dawa ya kufunga. Hayo ni maji yanayopenya pembeni ya kinyesi kilichokauka. Vaa glavu, paka mafuta ya mgando kwenye kidole, pima kwanza.

Saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na hiyo ina mtego wake. Uvimbe ukikua unabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikilemewa, mabaki ya mofini hayatoki, yanajilimbikiza. Dozi ile ile iliyomfaa wiki mbili sasa inamlewesha: mikono na miguu inarukaruka ghafla, anaona watu ambao hawapo, anazungumza na marehemu. Nyumbani watasema ni majini, au ndiyo mauti yenyewe. Muulize muuguzaji kuhusu mkojo. Kama tangu juzi umepungua, mpigie daktari apunguze dozi au atanue saa. Isikatwe ghafla, maumivu yatarudi kwa hasira, na mwili uliozoea mofini utatapatapa.

Uganda imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini tangu 2004. Hapa kwetu kalamu iko kwa daktari, na muuguzi aliyeko kijijini anabaki na simu yake. Nasema hili bila kisirani: ukijua kalamu iko mbali, panga mbele. Chupa ikifika robo, agiza. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na barabara ya Dar ndiyo mshipa wetu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika kule Somanga na mabasi yakakwama. Mofini haiuzwi duka la dawa la mtaani kwamba utakimbilia hapo. Kabla ya mvua kubwa, kila mgonjwa awe na akiba ya wiki mbili, imehesabiwa na kuandikwa.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Pwani yote hii, Kilwa mpaka Msimbati, mzee atakuambia anafunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Lakini maneno hayo yakitoka mdomoni mwa muuguzi hayana uzito, mwombe shehe afike mwenyewe aketi naye. Akishikilia, zungumza na daktari mapema kama vipo vidonge vya mofini vinavyoachia dawa polepole, vya kila baada ya saa 12: kimoja daku, kimoja futari. Toka daku hadi futari ni saa 13 na ushei, kwa hiyo alasiri inaweza kumchachia, mwambie hivyo kabla. Na vidonge hivyo visipasuliwe wala kusagwa. Ukivisaga, dawa ya saa 12 inaingia kwa mkupuo mmoja.

Sasa kidonda. Titi lenye saratani likipasuka, kinachomtenga mama na wageni ni harufu kuliko maumivu. Harufu inatoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa yake ni ya bei ndogo: metronidazoli, ile ile tunayoiita flajili.

Nusu saa kabla ya kuosha, mgonjwa apewe dozi yake ya dharura ya mofini. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe mpaka uvuguvugu. Kitambaa cha jana usikivute kikavu. Kimwagie maji ya chumvi, subiri, kimwagie tena, kitaachia chenyewe. Ukivuta, utararua vimishipa na damu itatoka. Osha kwa kumwaga maji, usisugue, nyama hiyo haishikiki. Saga vidonge vya flajili vya miligramu 200 katikati ya vijiko viwili mpaka viwe unga laini, nyunyiza juu ya kidonda kama unavyonyunyiza chumvi kwenye samaki. Juu yake weka gozi, ile shashi ya kufungia vidonda, iliyopakwa mafuta ya mgando ili isigande, kisha kitambaa kinachonyonya. Khanga kuukuu iliyofuliwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi inatosha kabisa, na chagua ya rangi nzito, nyekundu au nyeusi. Kidonda cha namna hii kinaweza kutoa damu nyingi ghafla, na damu kwenye shuka jeupe inamtisha mgonjwa kuliko damu yenyewe ilivyo. Khanga nyeusi mbili zikunjwe chini ya mto, muuguzaji ajue ni za nini: kukandamiza, kutulia, kumshika mkono. Fanya hivi kila siku. Harufu huanza kupungua baada ya siku chache. Sinia la mkaa usiowashwa chini ya kitanda linasaidia kidogo, udi haunisaidii mimi, unaongeza harufu juu ya harufu na kumkaba mgonjwa mwenye pumzi fupi.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi harufu inatoka ndani, na vidonge vinaweza kuwekwa ukeni kwa maelekezo ya daktari. Kama mkojo unavuja muda wote, ngozi ya mapaja ipakwe mafuta ya mgando kabla haijachubuka. Ikishachubuka umechelewa.

Kumgeuza ni kila baada ya saa 2 mchana, na usiku mara chache zaidi kama amelala kwa raha. Tazama kiunoni nyuma, nyonga, visigino, masikio. Bonyeza pale penye wekundu, au kwa ngozi nyeusi pale palipokolea rangi na kupata joto: kama hapabadiliki ukiondoa kidole, kidonda kimeanza ndani. Kitanda cha kamba kilicholegea kinambana mgonjwa katikati kama mtoto kwenye mbeleko, kamba zikazwe au kiwekwe godoro juu ya ubao. Mto chini ya miguu, visigino vielee.

Maji. Aliyesoma uuguzi mjini anaandika "aogeshwe kila siku" na kuondoka. Juu kule uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ndoo ya maji ina historia yake na mtu wa kuichota. Fundisha kuoga kwa lita 5: nusu kwenye beseni la sabuni, nusu kwenye beseni la kusuuza, vitambaa viwili. Uso kwanza, kwapa, chini ya matiti, mgongo, miguu, sehemu za siri mwisho na kwa kitambaa chake. Funua sehemu unayoosha tu, nyingine ibaki ndani ya khanga. Siku ambayo maji hayapo, osha mdomo, kwapa na sehemu za siri, hayo mengine yatangoja. Binti amwogeshe mama yake, lakini usimlazimishe binti kumwogesha baba. Tafuta mpwa wa kiume au mwanamume wa nyumba, hata kama ni kumpigia simu Masasi. Aibu ya mzee nayo ni maumivu, haionyeshwi kwa vidole.

Nije kwenye chakula na dripu, ambavyo vinagombanisha nyumba nyingi. Mgonjwa wa saratani iliyofika mbali anakosa hamu kwa sababu mwili wake hautumii tena chakula kama zamani. Njaa inaondoka, wala haimtesi. Ndugu wanaona anakufa njaa, wanamshindilia uji, anapaliwa. Muuguzi aseme mapema: vijiko viwili vya anachokitaka, saa anayotaka. Akitaka mchuzi wa pweza, apewe mchuzi wa pweza. Kama kinywa kina utando mweupe, hiyo ni fangasi, ina dawa, na hamu inaweza kurudi kidogo. Mdomo usafishwe kila baada ya saa chache kwa kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi yale yale, midomo ipakwe mafuta.

"Mtundikieni hata dripu moja." Ndugu akishuka kutoka Dar baada ya miezi sita ndiyo kauli yake ya kwanza, na naielewa, anatafuta cha kufanya. Mweleze bila ukali. Moyo na figo zikiwa zimechoka, maji ya dripu hayakai kwenye mishipa: yanakwenda miguuni na kwenye mapafu, mgonjwa anavimba na kuanza kukoroma kwa makohozi. Mpe yule ndugu kazi: asafishe mdomo, ashike kitambaa, ampepee.

Kumpepea ni tiba, kwa kweli. Mwenye pumzi fupi aketishwe akiegemea mito, dirisha lifunguliwe, watu wanaojaa chumbani watoke, upepo umpige usoni. Mofini kidogo nayo inatuliza ile hisia ya kukabwa, hata kama hana maumivu.

Kuhusu kumwambia ukweli: familia zitakushika mkono nje ya mlango, "usimwambie." Usiahidi. Ingia, muulize mgonjwa: "Umeelezwa nini kuhusu ugonjwa huu? Ungependa kujua zaidi, au tuzungumze na mwingine kwa niaba yako?" Wengi wanajua zamani, wanawaficha wale wale wanaowaficha wao. Aliye na shamba la mikorosho na watoto wa mama wawili anahitaji muda wa kusema nani achukue nini, na msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, nyumba nzima inahamia shambani na mgonjwa anabaki na mtoto. Panga ratiba ya kukaa naye kabla mabibo hayajaanza kuanguka.

Siku za mwisho zina alama zake, na muuguzaji aambiwe kabla hazijafika. Analala karibu muda wote. Hamezi. Mkojo unakuwa mchache na mzito. Mikono na miguu inapoa, magoti yanaweka mabaka ya zambarau. Pumzi inakwenda haraka, inapungua, inasimama kwa sekunde kadhaa, inaanza tena. Hapo vidonge vya presha na vitamini havina kazi, viachwe. Mofini isiachwe kwa sababu tu hamezi. Chupa ile kali inaweza kuwekwa matone kidogo ndani ya shavu, au daktari ahamishie kwenye sindano ya chini ya ngozi, ambayo kwa kawaida huwa nusu ya ile ya kunywa: miligramu 30 za mdomo kwa siku zinakuwa 15. Mkoromo wa kooni unatisha wanaosikia zaidi ya anayeutoa. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo, makohozi yatiririke. Haiyosini, wengi wanaijua kwa jina la Buscopan, miligramu 20 chini ya ngozi, inazuia mapya lakini haikaushi yaliyokwisha kukusanyika, kwa hiyo itolewe mapema. Usimwingizie mpira wa kunyonya kooni.

Wasimkimbize hospitali usiku huo kwa Noah ya kukodi kama walikwisha kukubaliana abaki. Waambie anasikia. Waislamu wamlakinie shahada kwa sauti ya chini, mtu mmoja, bila kumsukuma. Mkatoliki aitiwe padri angali ana fahamu, mpako wa wagonjwa haungoji kukata roho.

Akishafariki, muuguzi akiwepo anafunga macho, anafunga taya kwa kitambaa, ananyoosha mikono na miguu, anatoa mpira wa mkojo baada ya kupunguza maji ya puto lake, na anafunika vidonda visivuje. Kisha anarudi nyuma. Josho lina wenyewe.

Rudi baada ya siku kadhaa, watu wa turubai wakiwa wameondoka. Muuguzaji ndiye utakayemtafuta, na utamkuta jikoni. Atauliza swali moja kwa njia nyingi: ile dozi ya mwisho niliyompa saa 4 usiku, ndiyo iliyomuua? Fungua daftari lake, mwonyeshe mistari: mililita zile zile za juzi na za wiki iliyopita, saa ile ile. Mwache asome mwenyewe.

Halafu omba chupa. Itakuwa bado juu ya kabati, na sirinji yenye plasta imelala kando. Iliyobaki pima mbele yake, andika kwenye daftari la zahanati mililita ngapi, yeye atie sahihi au dole gumba, nawe utie yako. Inarudi hospitali ilikotoka, kwenye kabati lenye kufuli.